Mshahara dola 118,000 Cleveland, familia ya Kiyahudi watu nane: unatosha au tutaumbuka?

MamaSita_BK:
Habarini wadau, naombeni ushauri hasa nyie mlioko Marekani wenye watoto wengi. Mimi Mtanzania, kwetu Arusha, nimeolewa na Myahudi wa Brooklyn, New York, na mimi mwenyewe niliingia dini kabla ya ndoa. Tuna watoto sita, mkubwa ana 14, wanaofuata 12, 10, 8, 5, na kitinda mimba ana mwaka mmoja. Mume wangu kapata ofa ya kazi Cleveland, Ohio, mshahara 118,000 kwa mwaka kabla ya makato. Hapa Brooklyn anapata 102,000 na mimi ni nesi ila kwa sasa siko kazini kwa sababu ya mtoto.

Wenzake wanamwambia hiyo hela kwa Cleveland ni nyingi mno. Sasa hao wenzake wana mtoto mmoja au wawili, wanasoma shule ya serikali bure, nyama wananunua popote, nyumba wanapanga popote penye bei nzuri. Sisi hatuwezi hivyo. Watoto wote lazima shule ya Kiyahudi, hapa baada ya kamati ya ada kutupunguzia bado tunalipa kama 38,000 kwa mwaka kwa watano. Nyama na kuku lazima kosha, yaani iliyochinjwa kwa sheria ya dini yetu, bei yake mnaijua. Nyumba lazima iwe karibu na sinagogi maana Shabati, siku ya Sabato, hatupandi gari, tunatembea kwa miguu, na iwe ndani ya eruv, ule uzio wa waya unaozunguka mtaa, la sivyo siwezi kusukuma kigari cha mtoto siku hiyo. Ukiongeza na Pasaka ya Kiyahudi, vyombo na vyakula vya wiki nzima tofauti kabisa, na mwakani wa pili anafanya bar mitzva, sherehe ya mvulana kufikisha miaka 13, na tefilini peke yake, vile visanduku vya maandiko vya kufunga mkononi na kichwani, zilizoandikwa vizuri zinapita dola elfu moja. Kodi ya nyumba hapa 3,400 vyumba vitatu, watoto wamebanana mpaka naona huruma. Na nyumbani Arusha mama yangu ananitegemea, hiyo siigusi.

Naogopa kuhama kwa ajili ya mshahara mkubwa halafu tufike tukute ni uleule au pungufu. Mnapimaje kitu kama hiki?

Mzee wa Moshono:
Mwanangu hiyo ni karibu milioni 300 za madafu kwa mwaka, huku mtu anasomesha sita kwa milioni kumi. Nendeni tu.

MamaSita_BK:
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli ukiipeleka kwa shilingi inatisha, lakini huku inaliwa huku huku kwa dola, mtoto mmoja tu ada bila kupunguziwa inaweza kupita elfu 20. Nashukuru kwa baraka zako.

mama_Eliyahu:
Dada karibu, mimi ni Mkenya niko University Heights hapa hapa Cleveland, miaka mingi sasa, na sisi pia tuko wengi nyumbani. Kitu cha kwanza acha kulinganisha 118 na 102, hiyo haikuambii chochote. Linganisha shule na shule. Ohio kuna vocha ya serikali ya kulipia ada shule binafsi, inaitwa EdChoice, tangu 2023 iko wazi kwa kila mtoto wa Ohio, kwa mwaka wa shule 2025-26 ni 6,166 kuanzia chekechea mpaka darasa la nane na 8,408 kwa sekondari. Brooklyn hamna kitu kama hicho. Wewe una mmoja wa sekondari na wanne wa chini, piga hesabu, ni zaidi ya 33,000 kwa mwaka zinaenda shuleni moja kwa moja bila kupita mfukoni kwenu. Na kiwango cha kipato cha kupata vocha kamili kiko juu sana, asilimia 450 ya mstari wa umaskini, kwa watu nane mwaka 2025 ni kama 243,000, kwa hiyo hata wewe ukirudi kazini bado mko ndani.

Lakini usifikiri ada imeisha. Ada ya shule zetu ni kubwa kuliko vocha, kinachobaki mnakaa na kamati mnapeleka makaratasi ya kodi kama huko. Sheria inasema familia iliyo asilimia 200 au chini haidaiwi hiyo tofauti, kwa watu nane mwaka 2025 ni 108,300. Nyie mko juu yake kidogo tu. Kwa hiyo KABLA mume hajasaini mpigie mtu wa ada shuleni, umwambie watoto watano, mshahara huu, nipe namba. Watakupa makadirio, wamezoea. Na uliza kama mkihamia katikati ya mwaka wa shule vocha inakuwaje.

Nyumba: tafuteni Cleveland Heights, University Heights au Beachwood, hapo ndo sinagogi, eruv, mikve (bafu la ibada), shule vyote viko. Sisi tunalipa 2,300 nyumba nzima ya vyumba vinne na uwanja wa nyuma ambao sukka, kile kibanda cha sikukuu, inakaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Ila nyumba nyingi za Cleveland Heights ni za zamani, miaka ya 1920 hivi, bili ya gesi kipindi cha baridi itakushtua, na rangi ya zamani ina risasi, yale madini yenye sumu, una mtoto anayetambaa, usihamie kabla madirisha hayajapimwa. Dirisha la zamani ukilifungua na kulifunga linasaga rangi, unaona vumbi jeupe kwenye kizingiti na mtoto anashika hapo hapo ndo analamba vidole. Mwenye nyumba akisema haina haja, tafuta nyingine.

Mhasibu_Ohio:
Niongezee upande wa makato maana watu wanakata theluthi kichwani halafu wanapata presha bure. Wewe una watoto sita wote chini ya miaka 17, nafuu ya kodi kwa mtoto mwaka 2025 ni dola 2,200 kila mmoja, jumla 13,200. Kwa mshahara wa 118,000 mkijaza fomu pamoja, kodi ya serikali kuu inakuja kama 9,900. Yaani inafutika yote na mnarudishiwa elfu tatu na ushee. Kinachobaki ni makato ya uzeeni na Medicare (bima ya wazee) 7.65%, hiyo ni kama 9,000, kodi ya jimbo kama 2,500 na kodi ya mji, kazi ikiwa Cleveland yenyewe ni 2.5%, nayo inakaribia elfu tatu. Toa zote mnabaki na kama 103,500, sawa na 8,600 kwa mwezi kabla ya bima, bila kuhesabu hiyo elfu tatu ya kurudishiwa. Mume akianza kazi ajaze ile fomu ya W-4 na watoto wote sita, asikatwe kodi ya kuja kurudishiwa mwakani wakati nyie mnaihitaji kila mwezi.

Sasa BIMA, hapo ndo pa kuangalia kwa macho mawili. Saa hizi watoto wako bila shaka wako Child Health Plus, bima ya watoto ya New York, ile inapokea mpaka asilimia 400 ya mstari wa umaskini kwa malipo madogo sana. Ohio watoto wanapokelewa Medicaid, bima ya serikali, mpaka kama asilimia 211 tu, kwa watu nane mwaka 2025 ni 114,000 na kidogo. Mshahara wenu ni 118,000, mmeupita mstari kwa kama elfu nne, na bima ya familia nzima kazini inaweza kuwala mamia mengi ya dola kila mwezi. Ila hesabu ya Medicaid haihesabu hela iliyokatwa kabla ya kodi. Mume akiweka elfu tano kwa mwaka kwenye 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, na makato ya bima yake mwenyewe yakitoka kabla ya kodi, kipato kinachohesabiwa kinashuka chini ya mstari na watoto sita wanatibiwa bila malipo. Ni halali kabisa, na hela bado ni yenu ya uzeeni.

MamaSita_BK:
Mungu awabariki, hii ya bima sikuwa naijua kabisa, na mume alikuwa anasema 401(k) tuiache mwaka wa kwanza mpaka tutulie. Sasa mimi nilitaka nikifika nirudi kazini siku mbili tatu kwa wiki. Kwa maelezo haya nikirudi si ndo nawatoa watoto Medicaid?

Mhasibu_Ohio:
Ndiyo dada, ukiingiza hata elfu 15 mmeupita mstari, wakishaandikishwa wanakaa miezi kumi na miwili, ila mkihakikiwa upya wanatoka. Kwa hiyo ama usifanye kabisa, ama ufanye za kutosha kulipa bima ya familia, mtu wa kukulelea mtoto, na kibaki kitu cha maana. Katikati hapo utachoka bure. Mume aombe HR, ofisi ya wafanyakazi, karatasi ya bei za bima za familia, wanayo, asiogope kuonekana msumbufu.

mama_Eliyahu:
Na leseni ya New York haifanyi kazi huku moja kwa moja, New York haimo kwenye ule mkataba wa manesi wa majimbo, Ohio imeingia 2023. Anza maombi ya Ohio mapema hata kama hufanyi kazi mwaka huu. Ukishakuwa mkazi wa huku unapata leseni ya majimbo mengi.

Baba_Wasaba_614:
Salaam dada. Mimi Muislamu niko Columbus, watoto saba, kwa hiyo hili la halali na kukaa karibu na msikiti tunalielewa, nyie mna la kwenu sisi tuna letu. Vitu viwili watu hawakuambii. Wenye nyumba wengi huku wanapangisha watu wawili kwa chumba, watu nane maana yake vyumba vinne, ukiomba nyumba ya vitatu wanakukataa kistaarabu. Useme ukweli idadi yenu tangu simu ya kwanza. La pili gari. Brooklyn mlikuwa mnapanda treni, hapa bila magari mawili mama anabaki kifungoni na watoto. Gari la familia kama Sienna au Odyssey ya siti nane inawatosha kamili, bibi akija kutembea hana siti, na akizaliwa wa saba ndo mnaingia kwenye Transit kubwa, ile kama basi dogo. Weka gari la pili, bima yake na matairi ya theluji kwenye bajeti, upande wa mashariki wa Cleveland ule theluji ya ziwani inamwagika kweli.

Neema_Jersey:
Mimi nitakuwa mkali kidogo dada angu, nisamehe. Mnaitegemea vocha kama mshahara wa pili. Juni 2025 jaji wa Ohio aliamua EdChoice inavunja katiba ya jimbo. Bado inaendelea kwa sababu ya rufaa lakini hakuna anayejua itaishaje. Kaeni chini mfanye bajeti ya pili ambayo vocha haipo, mwone kama mnaweza kuvuka hata mwaka mmoja. Halafu msaada wa mama mkwe kukaa na watoto unauacha Brooklyn, huo nao una bei.

mama_Eliyahu:
Neema yuko sahihi, hata sisi hapa tunalizungumza kila wiki. Mimi bado nasema aje. Ila aje akijua.

MamaSita_BK:
Nimekaa na mume jana usiku tukapiga hesabu zenu zote. Bila vocha tunakwama mwezi wa nane hivi, na vocha tunapumua vizuri, tena mama Arusha naweza kumwongezea. Mama mkwe hata sijamwambia, najua atalia. Mume ataomba vitu vitatu kabla ya kusaini: gharama za kuhama walipe wao, bima ianze siku ya kwanza bila kusubiri, na mshahara aombe 125,000.

Mhasibu_Ohio:
Gharama za kuhama na bima sawa kabisa. Hiyo 125,000 subiri kwanza, ikipanda basi 401(k) ipande nayo elfu saba zaidi ili mbaki chini ya mstari, vinginevyo watoto wanatoka Medicaid na nyongeza yote inaenda kwenye bima. Aombe bonasi ya kusaini badala ya nyongeza, ila ilipwe mwezi mmoja, maana Medicaid inaangalia kipato cha mwezi. Na ilipwe kabla watoto hawajaombewa.

MamaSita_BK:
Nimeelewa. Kesho asubuhi nampigia mtu wa ada wa shule, nitaleta namba atakayonipa.