Tupeane uzoefu: chokoleti ya nchi ipi ina ladha gani, na hiyo ladha inatoka wapi?

fundi_kokoa
Wakuu, ule uzi wa zawadi za safari umenitonesha. Kurasa sita watu wanapokezana: ya Uswisi ndiyo yenyewe, ya Marekani inanuka matapishi, ya Ghana ngumu kama sabuni. Hakuna aliyesema kwa nini. Hapa tuandike sababu. Ukija na "tamu sana" tu, pita kimya.

Naanza. Uswisi haina shamba la kokoa, Ubelgiji haina. Kwa hiyo ukitaja ladha ya Uswisi unataja maziwa na mashine. Daniel Peter wa Vevey aliunganisha maziwa na chokoleti mwaka 1875, na kilichomsumbua ni maji: chokoleti iliyoyeyuka ikidondokewa na maji kidogo inakaza na kushika mabonge. Miaka minne baadaye, kule Bern, Rodolphe Lindt akaja na konchi, mashine inayosugua chokoleti ya moto kwa saa nyingi, hata siku tatu. Harufu ya siki inatoka na mvuke, ukali unatulia, siagi ya kokoa inavika kila chembe ya sukari. Ule mtelezo ulimini ndio huo.

mbebaboksi_antwerp
Ongeza usagaji. Ulimi unaanza kusikia mchanga chembe zikizidi mikroni 30 hivi. Wabelgiji wanashuka hadi 15 mpaka 20. Chini zaidi ya hapo nako ni hasara, chokoleti inakuwa nzito kama gundi na inadai siagi zaidi ya kokoa. Mexico wao wanasaga kwa jiwe na sukari inabaki chenga, makusudi. Mtu akiionja ile anasema mbovu. Si mbovu, ndivyo inavyotakiwa.

mnyakyusa_wa_ipinda
Mnabishana kiwandani wakati ladha imeshazaliwa au kufa huku shambani, kama kwetu Kyela.

Tunda linapasuliwa kwa rungu. Panga likichana punje, ukungu umepata mlango. Punje zinatoka na ute mweupe mtamu, na zinatakiwa kuingia sandukuni kuvundikwa siku hiyohiyo: sanduku la mbao lenye matundu chini ya kutoa maji, majani ya migomba chini, pembeni na juu. Kokoa mbichi iwe walau kilo 50, ukiwa na ndoo mbili joto halipandi. Siku mbili za mwanzo ni kazi ya hamira, sukari ya ute inageuka pombe. Saa 48 zikitimia unageuza, hewa inaingia, bakteria wa siki wanaivamia ile pombe na joto linafika nyuzi 45 hadi 50. Hapo punje inakufa, haioti tena, zambarau ya ndani inaanza kuwa kahawia, na vile vitakavyoleta harufu ya chokoleti wakati wa kukaanga vinatengenezwa. Baada ya hapo geuza kila siku moja au mbili. Siku ya tano hadi ya saba, toa.

Saa mbaya kuliko zote ni usiku wa pili kuamkia siku ya tatu. Mvua imeshika, wa kugeuza hajatokea, mtu anasema "kesho". Katikati ya sanduku panachemka, pembeni pamepoa. Ukigeuza kwa kuchelewa umechanganya yaliyoiva na mabichi. Kata punje mia kwa urefu uzitazame: hizi kahawia zenye mifereji ndani, hizi zambarau, hizi za kijivu kama slati. Zote zinaingia gunia moja. Chokoleti yake inakaza ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Sasa mwenye sanduku anajaribu kurekebisha kwa kuongeza siku, ziache mpaka ya tisa, ya kumi. Wanaingia bakteria wa kuozesha, harufu inakuwa ya amonia na nyama iliyolala. Hiyo hata konchi ya siku tatu haiiondoi.

Kukausha: punje zinatoka na maji zaidi ya nusu ya uzito wake, zinatakiwa kufika asilimia 7. Zikibaki na 8 na kitu, ukungu. Zikishuka chini ya 6, zinavunjika gunini. Siku mbili za kwanza usiwe na haraka, ganda likikauka ghafla siki inafungiwa ndani na chokoleti inatoka chachu. Na masika ikikazana, wapo wanaowasha kuni chini ya chanja. Moshi ukiingia kwenye mafuta ya kokoa umeingia. Papua New Guinea na Cameroon zimejulikana sana kwa hilo, chokoleti inanuka kama samaki wa kubanika.

Pwani254
Hapo umenimaliza mkuu.

mla_bure
Kumbe Kyela si mchele tu.

mnyakyusa_wa_ipinda
Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania, ndugu. Mchele ni mboga.

fundi_kokoa
Mchele mboga! Haya, tupange asili basi. Kila moja iwe tupu, asilimia 70, isiwe na maziwa wala vanila, vinginevyo unalinganisha viungo.

Ghana: ndiyo ladha ambayo wengi wanaiita "chokoleti" tu. Nzito, haina uchachu mwingi, karanga za kukaanga kwa mbali. Madagascar, bonde la Sambirano karibu na Ambanja: chachu ya matunda mekundu, kama fursadi na ukwaju. Asiyeijua anadhani imechachuka. Ecuador, ile kokoa ya Nacional wanayoiita Arriba: maua, asumini kabisa, ila ikikaangwa kupita kiasi maua yanaondoka ya kwanza. Kilombero na Kyela zikivundikwa sawasawa: zabibu kavu, machungwa, matunda ya porini. Kule Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili wananunua punje zikiwa mbichi kwa wakulima na kuzivundika pamoja, na ndiyo sababu mzigo wao unafanana mfuko kwa mfuko. Sulawesi ya Indonesia: nyingi inakaushwa bila kuvundikwa, harufu hakuna, inafaa kukamuliwa siagi.

Pwani254
Na Bundibugyo ya Uganda umeruka?

fundi_kokoa
Sikuruka, nilichoka. Bundibugyo na Beni ya Kongo ng'ambo ya mpaka zina mwili mzito, kahawia, asali ya kuungua. Shida yao ni kukausha, milima inaleta mvua karibu mwaka mzima.

mtaalamu_wa_keki
Kwa kifupi jamani: asilimia ikiwa kubwa, ubora mkubwa. Nunua 85 kwenda juu, habari imeisha.

mbebaboksi_antwerp
Hapana, dada. Ile asilimia ni kokoa iliyosagwa pamoja na siagi ya kokoa iliyoongezwa. Kipande cha 70 kinaweza kuwa 70 kavu bila siagi ya ziada, kingine 55 na siagi 15. Cha pili kitakuwa laini na kipole, namba ileile. Na 85 ya punje za kijivu ni dawa ya minyoo.

mtaalamu_wa_keki
Basi tusomeje?

mbebaboksi_antwerp
Geuza kipande, soma nyuma. Viambato vinaandikwa kwa uzito, cha kwanza ndicho kingi. Nyeusi nzuri: kokoa, sukari, pengine siagi ya kokoa, pengine lesithini ya kulainisha. Ukiona "vanilini" si vanila. Ukiona E476, wamepunguza siagi ya kokoa na bado wanataka itiririke kwenye mtambo. Ukiona mafuta ya mawese yameandikwa juu ya kokoa, hicho si chokoleti, ni kile wanachopaka biskuti. Kinaganda juu ya kaakaa kama mshumaa.

Pwani254
Kwa hiyo Cadbury ya Uingereza si chokoleti? Maana ina mawese, imeandikwa.

mbebaboksi_antwerp
Ni chokoleti kwa sheria yao, na hii vita ilichukua miaka 30. Uingereza na Ireland ziliingia jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 na chokoleti yao yenye mafuta mengine. Wafaransa, Wabelgiji na Waitaliano wakagoma. Mwaka 2000 ukapitishwa mwongozo unaoruhusu mafuta sita tu, yakiwemo mawese na shea, yasizidi asilimia 5. Italia na Hispania zikaendelea kulazimisha iitwe mbadala wa chokoleti, mahakama ya Ulaya ikazikatalia Januari 2003. Ajabu ni Marekani mnayoicheka: huko mafuta mengine ukiyatia, huruhusiwi kuiita chokoleti. Ila wanaruhusu chokoleti ya maziwa yenye kokoa asilimia 10 tu, wakati Ulaya ni 25, na Uingereza 20.

Ndiyo maana Dairy Milk mbili za Cadbury zinatofautiana. Ya Uingereza kiambato cha kwanza ni maziwa. Ya Marekani inatengenezwa na kampuni ya Hershey kwa leseni, cha kwanza ni sukari. Kiwanda cha Kiingereza kinachemsha maziwa na sukari mpaka yawe mazito, kinatia kokoa, kinakausha, ndipo kinasaga. Ule ukaukaji ndio unaoleta ladha ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Mswisi anatia maziwa ya unga, ladha inabaki ya maziwa mabichi.

mla_bure
Na matapishi? Mmeyakwepa.

bi_chakleti
Ni asidi ya butiriki, mwanangu. Imo kwenye jibini ya Parmesan, imo kwenye siagi iliyoharibika, imo kwenye matapishi kweli. Hershey hawajaweka mapishi yao wazi, ila wanaochambua chakleti wanaeleza kuwa mafuta ya maziwa yanaachwa yavunjike kidogo kabla ya kukaushwa, na ndipo hiyo asidi inapozaliwa. Aliyekua nayo anaiita ladha ya nyumbani. Ni kama sisi na samli ya zamani.

Lakini huyo Hershey ana kisa kikubwa kuliko matapishi. Mwaka 1937 kapteni Paul Logan wa jeshi la Marekani alimwagiza kipande cha dharura: wakia nne, kiwe na nguvu nyingi, kistahimili joto, na kiwe kitamu kidogo tu kuliko kiazi cha kuchemsha. Makusudi kabisa, askari asikile kabla ya njaa kali. Wakatia unga wa oti (oats), sukari wakapunguza. Kalori 600. Ikawa ngumu hadi wenye meno mabovu wanaikwangua kwa kisu. Askari wengi waliitupa. Mwaka 1943 ikaja ya kitropiki, ya kuvumilia saa nzima kwenye nyuzi 49.

mla_bure
Nyuzi 49 haiyeyuki?! Hiyo ndiyo ya kuleta Dar. Tuachane na Uswisi.

Pwani254
Mombasa mwezi wa pili tunahitaji makontena mawili.

mtaalamu_wa_keki
Kiazi cha kuchemsha kina kosa gani lakini?

mnyakyusa_wa_ipinda
Haya, mada imeshakuwa ya viazi.

fundi_kokoa
Turudi. Bi Chakleti, uko Muscat, tueleze hiyo ya Dubai inayouzwa kila duka.

bi_chakleti
Kokoa yake haina lolote la Dubai, sifa iko ndani. Iliyoanzisha ni kampuni ya Fix, ya Sarah Hamouda, na video moja ya Desemba 2023 ndiyo iliyoipeleka dunia nzima. Ndani ni krimu ya pistachio, tahini (ufuta uliosagwa) na kataifi, zile tambi nyembamba za kunafa. Anayeiga anaharibu sehemu moja: tambi hazikaangwi vya kutosha. Zikaange kwa siagi, moto mdogo, mpaka ziwe rangi ya dhahabu na zisikike zikivunjika, zipoe kabisa ndipo uchanganye. Zikibaki na unyevu, kesho ni uji. Na usiweke muda mrefu, mafuta ya pistachio yanapenya kwenye chakleti na kuitoa utando mweupe. Ukitaka ladha ya Ghuba hasa, tafuta Al Nassma, ya maziwa ya ngamia. Chumvi yake kwa mbali.

Pwani254
Utando mweupe si ukungu? Watu wanatupa.

fundi_kokoa
Mara nyingi si ukungu. Sugua kwa kidole: ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta yaliyopanda baada ya chokoleti kupata joto na kuganda upya. Ukikwaruza kama mchanga, ni sukari, ilipata unyevu. Zote zinalika, ila usizitumie kulinganisha nchi, utaisingizia nchi kosa la dereva wa lori. Kuirudisha: nyeusi iyeyushe hadi nyuzi 45, ishushe hadi 27 au 28 huku ukikoroga, ipandishe 31 hadi 32, mimina. Ya maziwa iishie 29 au 30. Ikizidi 34, fuwele zote za siagi ya kokoa zimekufa, anza upya.

mtaalamu_wa_keki
Weka friji, usisumbuke.

bi_chakleti
Friji hapana! Inanusa kila kitu, itatoka na harufu ya kitunguu.

mbebaboksi_antwerp
Friji ndiyo, kwa nchi zenu. Funga ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Ukitoa, usifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo umande unatua juu yake na utando wa sukari huo hapo. Duka lililoipanga jirani na sabuni ndilo la kuogopa.

Pwani254
Na kuonja tunaanza na ipi?

fundi_kokoa
Nyepesi kwenda nzito.

bi_chakleti
Nyeusi kwanza. Maziwa na sukari vikitangulia, ulimi umeshavikwa shuka.

fundi_kokoa
Tukubaliane kutokubaliana. Kipande cha gramu 5 hivi, ziba pua, weka ulimini, usitafune. Ikianza kuyeyuka achia pua, harufu yote inakuja mara moja. Hapo ndipo Madagascar na Ghana zinapoachana. Katikati kunywa maji ya vuguvugu. Ya baridi yanagandisha siagi ya kokoa mdomoni.

mbebaboksi_antwerp
Majaji wa International Chocolate Awards wanasafisha mdomo kwa polenta isiyo na ladha.

mla_bure
Polenta ndiyo nini?

mbebaboksi_antwerp
Unga wa mahindi uliosongwa kwa maji.

mla_bure
UGALI??

mnyakyusa_wa_ipinda
Ugali, mkuu. Bila chumvi, uwe laini, kijiko kimoja kati ya chokoleti na chokoleti.

Pwani254
Sembe ama dona?

bi_chakleti
Sembe. Dona lina ladha yake, litaingilia.

mla_bure
Na mboga?