Mimba ambayo sikuipanga: nitamwonaje daktari mapema?

Swali, kutoka Mbagala:
Habari zenu. Nimepima kwa kipimo cha mkojo na kugundua kuwa nina mimba ambayo sikuipanga, nami nakadiria kuwa nipo wiki ya saba. Hospitali binafsi niliyoipigia simu imenipangia kumwona daktari wa wanawake baada ya wiki tatu, na usingizi umenipotea kwa wasiwasi. Je, nisubiri?

Jibu la kwanza:
Pole sana, mdogo wangu, na usisubiri. Hudhurio la kwanza linatakiwa kufanyika kabla ya wiki ya 12, wala halihitaji daktari bingwa: nenda asubuhi na mapema kliniki ya mama na mtoto katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako watakupima wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya Ukimwi, kisha wakupe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Wakikuuliza alipo mwenzi wako nawe uko peke yako, sema hivyo bila aibu. Kuhudumiwa ni haki yako.

Jibu la pili:
Mimi ni muuguzi. Ukitokwa na damu, ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo au ukahisi kuzimia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Nenda Hospitali ya Temeke usiku huohuo, bila miadi.

Mwulizaji:
Asanteni sana. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa zahanati.