MREJESHO: Bendi yetu na mashindano ya roki Ufilipino

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa mliochelewa: niliuliza bendi yetu ya Quezon City (mimi napiga drams, wengine wote Wafilipino) ijiandae vipi kwa mchujo wa bendi za roki zisizo na mkataba. Ni mashindano ya aina ya Muziklaban, yale waliyoshinda bendi ya Mayonnaise mwaka 2004.

Kwanza shukrani kwa mdau aliyesema niende na kipande cha zulia cha kutandika chini ya drams. Nilicheka, lakini nikabeba. Jukwaa lilikuwa la mbao zilizopakwa rangi, linateleza balaa, na kila bendi iliyotutangulia ngoma ya mguu ilikuwa inamkimbia mpigaji. Yangu haikusogea hata inchi.

Pia tulifyeka ule utangulizi mrefu wa gitaa, tukaingia moja kwa moja na uimbaji wa Kitagalog. Mpiga gitaa alinuna wiki nzima, ila ukumbi ulianza kuimba nasi kwenye kiitikio cha pili. Tukapita!

Kilichogoma ni metronomu ya sikioni (mlio wa kuhesabia mapigo ili tusipotezane). Kelele za jukwaani ziliimeza kabisa, na raundi iliyofuata tukapishana mapigo mimi na mpiga besi katikati ya wimbo. Tukatolewa hapo. Atakayejaribu atafute vipokea sauti vinavyoziba sikio sawasawa, hivi vya kwenye simu havifai.

Asanteni sana, wakuu. Mkuu uliyeomba rekodi, nakutumia inbox leo usiku.