Kwa nini uhai utafutwe kwenye miezi ya barafu, mbali na Jua?

Mwenge wa Usiku aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Tangu shuleni nimeamini kwamba uhai unahitaji sayari iliyo katika umbali wa wastani kutoka kwenye Jua, isiwe karibu kiasi cha kuungua kama Zuhura wala mbali kiasi cha kila kitu kuganda. Kwa kipimo hicho Dunia imo, Mirihi iko pembezoni, na vyote vilivyo nje ya hapo havina nafasi. Hata hivyo, Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo cha Europa Clipper kwenda kuuchunguza Europa, mmojawapo wa miezi ya Mshtarii, na chombo cha Ulaya kiitwacho JUICE kilikuwa kimekwisha kutangulia kuelekea kwenye sayari hiyo hiyo tangu Aprili 2023. Uso wa Europa una baridi ya takriban nyuzi 160 chini ya sifuri. Swali langu lina sehemu mbili. Joto la kuyeyusha maji huko linatoka wapi? Na hata kama maji yapo, chombo kinachopita juu ya barafu nene kitajuaje kama chini yake kuna kiumbe?

Bamvua alijibu:

Ndugu Mwenge, nitaijibu sehemu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ninayoipenda.

Kila aliyewahi kuiona bahari ikijaa na kupwa ameuona mvutano wa Mwezi wetu ukifanya kazi. Sasa geuza mambo: badala ya mwezi mdogo kuivuta Dunia, fikiria sayari yenye uzito unaozidi wa Dunia mara 318 ikiuvuta mwezi mdogo ulio karibu nayo. Europa unaizunguka Mshtarii kwa muda wa siku tatu na nusu hivi. Kama njia yake ingekuwa duara kamili, mvutano huo ungeurefusha kidogo kwa kipimo kisichobadilika, na joto lisingepatikana. Lakini mwezi wa Io, ulio ndani zaidi, hukamilisha mizunguko miwili kila Europa ukamilishapo mmoja, na Europa nao hukamilisha miwili kwa kila mmoja wa Ganymede, mwezi mwingine ulio nje zaidi, hivyo miezi hiyo hukutana mahali pale pale tena na tena na kusukumana kwa utaratibu, na njia zao hubaki na umbo la yai. Matokeo yake ni kwamba Europa hukaribia na kujitenga na Mshtarii katika kila mzunguko, na mwili wake hubanwa na kuachiwa bila kukoma. Ukikunja na kukunjua waya mara nyingi mahali pamoja, utahisi kwa vidole kwamba umepata moto. Jambo ni hilo hilo.

Hii haikuwa dhana ya mezani tu. Mwanzoni mwa Machi 1979, wanasayansi Peale, Cassen na Reynolds walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii, lazima uwe umeyeyuka kwa ndani, na siku chache baadaye chombo cha Voyager 1 kikapita na kuzikuta volkano zikilipuka. Ni nadra sana utabiri wa kisayansi kuthibitishwa kwa haraka kiasi hicho.

Kuhusu maji yenyewe, ushahidi ulio imara zaidi uliletwa na chombo cha Galileo, kilichoizunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003. Uga wa sumaku wa Mshtarii umeinama, kwa hiyo Europa huuona ukibadilika mwelekeo mara kwa mara, na kipimasumaku cha Galileo kiligundua kwamba Europa huyajibu mabadiliko hayo kama kitu kinachopitisha umeme. Barafu haipitishi umeme vizuri, ila maji ya chumvi hupitisha. Inakadiriwa kwamba bahari hiyo ina maji takriban maradufu ya bahari zote za Dunia.

Kina Kirefu alijibu:

Naongeza kwa kifupi. Hoja ya Jua ilidhoofika kabla hata ya Voyager, na ilidhoofishwa hapa hapa Duniani. Mwaka 1977 watafiti waliteremka katika bahari iliyo karibu na visiwa vya Galápagos, wakakuta kwenye giza totoro chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wengi ajabu. Msingi wa chakula chao haukuwa usanisinuru bali bakteria wanaojipatia nishati kutokana na kemikali zitokazo kwenye miamba.

Na sehemu ya pili ya swali lako ina jibu zuri kwenye Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 tu. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yakifoka kutoka kwenye nyufa za ncha yake ya kusini, kisha kikapita ndani ya mfoko huo mara kadhaa. Vipimo vyake vimeonyesha chumvi, molekuli zenye kaboni, haidrojeni (tangazo la 2017) na fosfati (tangazo la 2023). Hakuna aliyetoboa barafu. Bahari yenyewe ilijitoa nje.

Jiwe Jekundu alijibu:

Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Yote yaliyotajwa yanaonyesha mahali panapoweza kukalika, na nyumba yenye maji na moto si lazima iwe na wakazi. Hiyo haidrojeni ya Enceladus inaweza kutokana na maji moto yanapokutana na miamba, pasipo kiumbe chochote. Hata Europa Clipper haikuundwa kutafuta uhai. Kazi yake ni kuchunguza kama mazingira yanafaa.

Tulikwisha kufundishwa tahadhari mwaka 1976, vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Viking vilipotua Mirihi. Jaribio moja lililowekea udongo virutubisho lilitoa gesi, sawa na ilivyotarajiwa kama vijidudu vingekuwepo, lakini kifaa kingine kilichokuwa humo humo hakikukuta molekuli za kaboni za udongo huo. Ubishi uliendelea kwa miongo, na mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilipogundua katika udongo wa Mirihi pakloreti, yaani chumvi inayoharibu molekuli za kaboni ikipashwa moto, wengi waliona kwamba kemia peke yake ingeweza kueleza mkanganyiko ule. Ndiyo maana bado naitanguliza Mirihi: jiwe lake unaweza kulishika. Mwaka 2024 gari la utafiti la Perseverance lilichukua sampuli ya jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls, lenye madoa ambayo Duniani mara nyingi huhusishwa na vijidudu, na sampuli hiyo ingali huko huko ikisubiri kuletwa maabara.

Mwenge wa Usiku aliuliza tena:

Nimeelewa kuhusu joto, na nashukuru. Ndugu Jiwe Jekundu, ni ushahidi gani basi ungekuridhisha, ikiwa kemia inaweza kuigiza kila kitu?

Jiwe Jekundu alijibu:

Haiwezi kuigiza kila kitu kwa wepesi. Asidi amino nyingi zina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na viumbe wa Duniani hujenga protini zao kwa ule wa kushoto. Kemia isiyo na uhai kwa kawaida haichagui hivyo. Vumbi la asteroidi Bennu, mwamba mdogo unaolizunguka Jua, lililoletwa Duniani Septemba 2023, lilikutwa na asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, na mikono yote miwili ilikuwa karibu sawa kwa sawa. Ningeona bahari ya Enceladus ina mkono mmoja tu, na vipimo vingine vikakubaliana, ningenyamaza.

Bamvua alijibu:

Nami ninaafiki, ila subira inahitajika. Europa Clipper itafika mwaka 2030 ikiwa na kifaa cha kupima uzito wa molekuli, na hata ikipita ndani ya mfoko wa maji, molekuli za mkono wa kulia na wa kushoto zina uzito ule ule, kwa hiyo kifaa hicho hakiwezi kuzitofautisha. Kazi hiyo itasubiri chombo kitakachotua.