Rimu za pili za uwanjani kwa STI: mtumba wa inchi 17, Enkei mpya, au za kuiga za inchi 18?

Kibokoni_STI
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina Subaru Impreza WRX STI ninayoitumia kila siku hapa mjini, na mara kwa mara huipeleka Whistling Morans, Athi River, siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa wenye magari wanaotaka kujipima bila kushindana. Nimechoka kuyamaliza matairi ya barabarani kwa saa chache za raha, kwa hiyo nataka seti ya pili ya rimu itakayobaki na matairi ya uwanjani peke yake. Nimeona njia tatu: rimu za asili za Subaru za inchi 17, mtumba wa Japani, zilizoko yadi moja ya Changamwe, Enkei RPF1 mpya za inchi 17, ambazo itabidi niziagize, na rimu za inchi 18 zilizoigwa umbo la TE37 (rimu maarufu ya kampuni ya Rays ya Japani), ambazo ziko dukani na bei yake inakaribia ya mtumba. Bajeti ni laki moja na nusu bila matairi. Mwenye yadi amekubali kuniwekea hadi mwisho wa mwezi.

FundiMakupa
Wa alaykum salaam. Kaka, umeeleza kila kitu isipokuwa kile tunachokihitaji ili kukujibu. Gari ni la mwaka gani? STI za hadi 2004 zina nati tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia 2005 duara hilo ni la milimita 114.3, kwa hiyo huenda mojawapo ya rimu zako haiingii kabisa. Breki za mbele ni Brembo zilizokuja na gari au zimebadilishwa? Unakusudia tairi la upana gani? Na la mwisho, ambalo watu hulisahau: seti hiyo ya pili itafikaje Athi River, ikiwa gari ni moja na safari ni kama kilomita 450?

BintiTudor
Nikiachia mbali mwaka, mimi ningechukua za asili za inchi 17. Zinakaa kwenye haba (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) bila pete za kuongezea, kwa sababu tundu lake la katikati ni lile lile la milimita 56.1, na kalipa (vibano vya breki) za Brembo hazigusi mikono ya rimu kwa kuwa kiwanda kilikwisha kulipima jambo hilo. Tairi la inchi 17 pia huwa na bei nafuu kuliko la 18 lenye upana ule ule, na uwanjani gharama ya matairi ndiyo inayokurudia kila msimu, ilhali rimu unanunua mara moja.

Nahodha_Bamburi
Naheshimu maoni ya dada, lakini sikubaliani. Ukienda uwanjani unatafuta wepesi. RPF1 ya inchi 17 yenye upana wa inchi 8 ina uzani wa kilo 7 na kidogo tu, na kila kilo unayoipunguza kwenye gurudumu inasaidia zaidi kuliko kilo ya ndani ya gari, kwa sababu haibebwi na springi na lazima izungushwe na kusimamishwa na breki. Kwa wanaopenda historia, TE37 yenyewe ilitoka mwaka 1996, na namba yake ilitokana na kilo 3.7 za rimu ya inchi 15. Hizo za dukani zimechukua umbo tu. Ya Rays hufuliwa kwa kugandamizwa, na za kuiga kwa kawaida humiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo zinaweza kuwa nzito kuliko hata za asili za Subaru.

Mzee_wa_Kisauni
Vijana, kabla hamjabishana juu ya kilo, sikilizeni yaliyonipata. Nilinunua rimu nne za inchi 17 kwa muuzaji mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha iliyong'ara mno kwa kitu kilichosemekana kimetoka Japani juzi. Barabarani hazikuwa na neno. Siku ya uwanja, baada ya mizunguko michache, usukani ukaanza kutetema kila nilipoegemea kona ya kulia kwa kasi, na nikirudi kwenye mstari ulionyooka unatulia. Tukadhani ni balansi. Tulipovua gurudumu la mbele kushoto, risasi za balansi zilikuwa zote mahali pake, lakini tairi lilikuwa limepoteza hewa. Kijana wa gereji akachukua kitambaa chenye petroli, akasugua upande wa ndani wa rimu, na rangi ikabanduka vipande vipande. Chini yake palikuwa na mstari wa kuchomelea wa urefu wa kiganja, ukikata mdomo wa ndani kuelekea mguu wa mkono mmoja, na pembeni mwake ufa mpya uliokwisha kufunguka. Aluminiamu ya rimu hupata nguvu yake kwa kutiwa joto la kipimo kiwandani. Ukiichomelea, sehemu zilizo kando ya mstari hulegea, na hapo ndipo ulipoanzia ufa. Muuzaji alinijibu kwamba yeye huuza rimu za barabarani, si za mashindano, kana kwamba barabara ya Mombasa kwenda Nairobi haina mashimo.

Kwa hiyo mtumba ni sawa, ila rangi mpya iwe sababu ya kutia shaka. Afadhali rimu yenye mikwaruzo ya ukingo wa njia inayoonyesha maisha yake.

Kibokoni_STI
Ahsanteni sana, na pole mzee wangu. Gari ni la 2006, Brembo za kiwandani mbele na nyuma. Matairi nafikiria 245/40R17, yaani upana wa milimita 245.

FundiMakupa
Basi ni 114.3, na rimu yako ya asili ni upana wa inchi 8 na ofseti 53 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa haba). Tairi la 245/40 linakubali upana huo, ingawa uko kwenye mpaka wa chini. Kipenyo chake ni kama milimita 628 dhidi ya 643 za 235/45 lililokuja na gari, kwa hiyo spidomita itazidisha kidogo. Jambo ambalo si la hiari kwenye gari lako ni kwamba matairi yote manne yawe sawa kwa ukubwa na uchakavu, maana difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipendi kuzunguka kwa tofauti muda wote. Ukichukua RPF1 yenye ofseti 45, tairi litatoka nje milimita 8; angalia ukingo wa mdigadi. Na bado hujajibu kuhusu usafiri.

BintiTudor
Magurudumu mawili yanaingia buti na mawili kiti cha nyuma, mradi abiria awe mmoja. Mimi hufanya hivyo.

Nahodha_Bamburi
Au asafiri nayo yakiwa yamefungwa kwenye gari tangu Mombasa.

Mzee_wa_Kisauni
Mwanangu, tairi la uwanjani lenye mifereji michache likikutana na mvua ya Mtito Andei usiku, mbele lori na nyuma lori, utatamani ungelala Voi. Isitoshe, utalipoza na kulipasha moto bila faida kabla hujafika.

Zamzam_Likoni
Mnisamehe kuingilia. Kuna hili la upepo: tairi nililolijaza hapa pwani lilisoma juu zaidi nilipofika Athi River. Je, kipimo changu kimeharibika?

FundiMakupa
La, dada. Kipimo hulinganisha hewa ya ndani na ya nje, na kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi hewa ya nje ni hafifu, kwa hiyo utaona nyongeza ya kama psi 2 tairi likiwa na joto lile lile.

Nahodha_Bamburi
Lakini asubuhi ya kule ni baridi. Joto likishuka nyuzi 10, tairi la psi 30 hupoteza karibu psi 1.5, kwa hiyo mara nyingi vyote viwili hufutana. Pima ukifika, kisha pima tena mara tu utokapo uwanjani tairi likiwa moto.

BintiTudor
Na mkiwa pwani, pakeni grisi nyembamba kwenye mdomo wa haba kabla ya kufunga rimu. Chumvi ya hewa yetu huigandisha aluminiamu na chuma hata gurudumu likakataa kutoka.

Kibokoni_STI
Nimetoka yadi sasa hivi. Hazijapakwa rangi, na upande wa ndani una vumbi jeusi la breki la zamani. Ila tatu zina muhuri wa 53, na ya nne inasomeka 55. Mwenye yadi anasema ni mamoja.

FundiMakupa
Milimita 2 hazitakudhuru. Swali ni kwa nini ya nne ilitoka gari lingine. Zote nne zizungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, nawe ukiwa hapo ukitazama midomo ya ndani.

Nahodha_Bamburi
Au uagize RPF1.