Kwenda Pemba na gari: kupanda nayo meli, kuitanguliza, au kuiacha Unguja?

Mlandege07
Assalam alaykum wanajukwaa. Kila zikikaribia likizo za skuli na sikukuu swali hili hurudi, na majibu yake yametawanyika huku na kule. Tuyakusanye hapa. Mfano wa kupimia ni huu: watu sita, mmoja wao bibi mtu mzima wa magoti mabovu, gari aina ya Noah ya namba za Z, yaani iliyosajiliwa Zanzibar, siku tano Pemba, mwanzo wa mwezi wa saba. Njia ni tatu. Kupanda meli ya abiria na magari, gari chini nyinyi juu, kutoka Malindi, bandari ya Unguja, hadi Mkoani, bandari ya Pemba. Kuitanguliza gari kwa meli ya mizigo, nyinyi mkafuata kwa boti ya kasi. Au kuiacha Unguja na kukodi huko huko. Ipi inalipa? Tafadhali tusijibiane "inategemea" halafu tukaishia hapo.

Mkojani_Asili
Waalaykum salaam. Anza na bahari, tiketi itafuata.

Malindi hadi Mkoani ni kama maili 55 za baharini. Meli ya magari ikienda noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa, ni saa nne za maji matupu, mbali na muda wa kufunga na kufungua kamba. Boti ya kasi ikienda noti 28 ni nusu ya hapo. Lakini njia yenyewe haina uzito mmoja. Kutoka Malindi mpaka Nungwi mnapita chini ya kisiwa, Unguja inawakinga na kusi, chai haimwagiki. Mkishaiacha Nungwi mnaingia mkondoni, na hapo mawimbi ya bahari kuu yanapenya baina ya visiwa viwili bila ya kizuizi mpaka mkikaribie kisiwa cha Makoongwe, mbele ya Mkoani. Kwa noti 14 kipande hicho ni karibu saa mbili.

Mwezi wa saba ni kusi kali. Upepo unatoka kusini mashariki, na meli ikitoka Nungwi inaelekea kaskazini mashariki. Kwa hiyo wimbi linakuja ubavuni, mkono wa kulia. Meli haipigi mbizi, inalala na kuinuka, inalala na kuinuka. Mkirudi ni vile vile, ila mkono wa kushoto. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, wimbi la kwendea liko usoni. Na kwa kuwa mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, upepo ukipambana nao huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Hayo huzitesa boti za kasi kuliko meli nzito.

Boti ya kasi inafupisha mateso tu, haiyapunguzi. Kwa mfano uliotoa, meli nzito.

BintiWete
Naungana na Mkojani kwa bahari, lakini kwa bibi kuna jambo limesahaulika: ngazi. Abiria hawabaki ndani ya gari safarini. Akiingia na Noah mpaka chini, itabidi apande ngazi za chuma kutoka ghorofa ya magari hadi ukumbini, nazo ni za wima, nyembamba, na aghlabu zina maji maji. Mshusheni kabla gari haijaingia, apande na abiria wengine kwa ngazi ya pembeni, kijana mmoja mbele yake na mwengine nyuma. Dereva aingie peke yake.

Pa kukaa: katikati ya meli na chini iwezekanavyo. Watu hukimbilia ukumbi wa mbele kwa ajili ya vile vioo vikubwa, na mbele ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Anayetaka hewa ya sitahani akae demani, yaani upande usiopigwa na upepo. Kusi, kwendea, ni kushoto. Joshini utafika Mkoani na chumvi kwenye kope.

Dawa ya kigegezi watu huimeza wakishaanza kutapika, na hapo haina kazi tena. Promethazini inataka kama saa moja kabla ya bahari chafu, cinnarizini saa mbili. Kwa hesabu ya Mkojani, Nungwi ni karibu saa mbili baada ya kung'oa nanga kwa meli nzito, basi wa cinnarizini ameze meli ikiondoka, wa promethazini asubiri kidogo. Kwa boti ya kasi zote zimezwe nchi kavu. Dereva asiguse promethazini, inalaza, na ana barabara mbele yake. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa.

Tumbo lisiwe tupu wala lisijazwe. Boflo kavu, ndizi, kipande cha tangawizi. Urojo wa Forodhani uacheni siku hiyo. Kila mtu mifuko miwili mkononi, msitegemee ya meli.

Karani_Bandarini
Upande wa karatasi. Tiketi ya gari si tiketi ya mtu. Gari hutozwa kwa ukubwa wake, na ada ya bandari ni mbali na nauli ya meli, basi mtu akikutajia bei moja muulize imechukua nini na nini. Chukua kadi ya gari, bima iliyo hai, leseni, na kitambulisho cha kila mtu mzima. Kama kadi ina jina la mtu mwengine, chukua barua yake na kivuli cha kitambulisho chake. Gari ya mjomba isiyo na barua hubaki getini huku tiketi imeshalipwa.

Majina ya abiria yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, na watoto waandikwe hata kama hawalipi. Spice Islander ilizama kwenye njia hii hii karibu na Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Asiyeandikwa hatafutwi.

Foleni: gari iwe bandarini si chini ya saa mbili kabla. Malori hupangwa mwanzo, mazito katikati, kwa ajili ya mizani ya meli. Gari ndogo huziba nafasi zilizobaki. Wengi hupigania kuingia wa kwanza wakidhani watatoka wa kwanza. Meli yenye mlango mmoja wa nyuma ni kama gunia, kilichotiwa mwanzo hutoka mwisho. Na mara nyingi utaambiwa uingie kwa kurudi nyuma, basi dereva awe anayejua kurudi kwa vioo vya pembeni, si kwa kugeuza shingo.

Fundi_Mwembeladu
Noah haiharibiki baharini, inaharibika mlangoni. Sikilizeni hapa kwa makini.

Mlango wa meli unalazwa juu ya gati. Maji yakijaa, meli inakuwa juu na mlango unapanda. Yakitoka, meli inakuwa chini na mlango unateremka. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kutoka Unguja hufika kama mita nne, na saa zake hazibadiliki sana: hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hutoka kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, mlango unakuwa karibu sawa saa yoyote. Gari ya chini chini, Noah, IST, Alphard, ipangiwe maji mafu, mwezi wa tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24. Tarehe za mwezi wa angani, si za ukutani.

Ukilazimika siku ya bamvua, jua pembe mbili zinazokula gari. Pale mlango unapogusa gati, bampa ya mbele inachimba. Pale mlango unapoungana na meli kukiwa na mgongo, tumbo linakaa: sampo, bomba la ekzosi, na ngao ya plastiki ya chini ambayo ndiyo huanza kung'oka. Dawa yake:

Shusha watu wote na mizigo mizito, gari itanyanyuka kama inchi moja, na inchi hiyo ndiyo unayoitafuta. Weka mbao mbili za unene wa inchi mbili pale bampa inapochimba, baharia anazo au omba kwa wapakizi. Mtu mmoja achutame pembeni aangalie tumbo, dereva amsikilize yeye tu, si watu kumi wanaopiga kelele. Nenda kwa L, polepole bila ya kusimama katikati, maana chuma kina maji na mafuta ya malori, na tairi ikishateleza pale huna pa kushika.

Ndani: vuta breki ya mkono kwanza, ndipo utie P, ili uzito usikae kwenye gia. Usukani uwe sawa. Halafu simama uone minyororo inavyofungwa. Mkojani ameshasema wimbi la kusi liko ubavuni, na breki ya mkono haizuii gari kwenda ubavuni. Inataka kufungwa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ndoano iingie kwenye tundu la kuvutia gari au kwenye chasisi. Wakitia kwenye tairodi au shokomzoba, kataa kwa adabu, maana utafika Mkoani usukani umepinda na hakuna atakayekubali kosa.

Zima alamu. Zile zenye kuhisi mtikisiko hulia kila meli ikilala, na ukirudi betri imekufa. Kunja vioo vya pembeni. Mizigo ya juu ya keria iteremshwe iwekwe ndani. Tenki nusu inatosha, dumu la akiba la petroli ni marufuku, na mtungi wa gesi useme mapema usiufiche chini ya mkeka.

Mtambwe_Kusini
Maneno mazuri, lakini nyote mmeshaamua gari iende. Hesabu iko wapi? Chukua nauli ya gari mara mbili, jumlisha ada za bandari za pande zote mbili, kwenda na kurudi. Gawa kwa siku utakazokaa. Ikizidi bei ya kukodi kwa siku, iache gari yako ipumzike.

Na angalia unakwenda wapi. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, Chake hadi Wete nyengine kama hizo. Daladala za 603 zinakupeleka Chake, za 606 zinakupeleka Wete. Kama shughuli zenu ziko kando ya barabara kuu, kukodi siku moja kunatosha. Gari yako inaanza kulipa mkienda Makangale, Vumawimbi na Ngezi, au shamba, kila siku kwa ndugu wengine. Kwangu mimi: siku mbili iache, siku tano na bibi juu yake ichukue. Siku tatu au nne hesabu ndiyo mwamuzi.

Fundi_Mwembeladu
Sawa Mtambwe, lakini gari ya kukodi ikaguliwe kabla ya kulipa: tairi la akiba lina upepo, jeki ipo na spana yake inaingia, bima haijakwisha. Watu sita na mizigo barabara ya shamba si mahali pa kugundua spana ni ya gari nyengine.

Mlandege07
Ahsanteni. Njia ya pili mmeiruka lakini, gari kutangulia kwa meli ya mizigo.

Karani_Bandarini
Imerukwa kwa sababu haifai kwa safari ya siku tano. Meli za mizigo, zile ndogo za mlango wa mbele, hungoja mzigo ujae. Ukiambiwa Jumatatu, hesabu Alkhamisi. Mnaweza kuwa Mkoani, gari bado iko Malindi. Inafaa kwa anayehama au aliyenunua gari Unguja ya kuwekwa Pemba.

Ukiitumia, funguo utawaachia wao kwani gari husogezwa. Piga picha pande nne, paa, na dashibodi kuonyesha mafuta na kilomita, picha ya kupakilia na ya kupakulia. Mwandikishe tarishi wa kupokea kwa jina na kitambulisho.

Fundi_Mwembeladu
Na sitaha yao iko wazi. Gari inaoga maji ya chumvi kutoka Nungwi mpaka inafika. Turubali peke yake ni hasara, linapigwa na upepo na chumvi iliyo chini yake inafanya kazi ya msasa. Tandika shuka nzito kwanza, turubali juu, kamba zipite chini ya gari.

Kwa meli yoyote, siku hiyo hiyo ukifika osha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ndani ya rimu na kwenye springi. Sabuni si lazima, maji mengi ndiyo kazi. Na ukitoka bandarini kanyaga breki mara tano sita polepole kabla ya kuchanganya mwendo, diski zinakuwa zimeshika kutu jepesi na gari inavuta upande.

Mtambwe_Kusini
Na kwa anayetaka kuvuka na gari ya Z kwenda Dar?

Karani_Bandarini
Huko kuna forodha ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na karatasi zake zimalizwe kabla gari haijapakiwa. Huo ni uzi mwengine, ufungueni tuje.

Ila la kurudi nalo kutoka Pemba nalisema hapa. Karafuu usizitie kwenye buti. Mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na hata kibegi cha "zawadi" bila ya kibali kitakushusha kwenye foleni ya Mkoani huku meli inapakia. Ndizi na muhogo hazina neno.

BintiWete
Samaki je?

Karani_Bandarini
Ruhusa, lakini kwenye deli la plastiki lenye kifuniko, barafu iwe ndani ya mfuko wake, na deli lenyewe ndani ya beseni. Maji ya samaki yakishaingia chini ya zulia la Noah, viti vyote vitang'olewa.

Fundi_Mwembeladu
Na katika boliti za viti hivyo, moja lazima itakatika.