Morogoro ni misimu miwili ya mvua au mmoja? Naomba msaada wa data

Mwana_Kilosa: Wakuu habari zenu, nina data za mvua za kila siku za CHIRPS (makadirio ya satelaiti yakichanganywa na vipimo vya vituo) toka 1981, nataka nigawe Morogoro kwa misimu yake. Kaskazini wanasema vuli na masika, kusini kule Ulanga na Kilombero msimu mmoja Novemba mpaka Aprili, shida yangu huku katikati. Februari mvua inapungua kidogo, Machi inapanda tena, sasa hiyo ni misimu miwili au mmoja uliopumzika? Na mwanzo naupataje bila kujiamulia tu tarehe 1 Machi?

takwimu_mvua: Mkuu usikadirie kwa macho, fanya uchambuzi wa hamoniki, yaani unaigawa mvua ya mwaka kwenye mawimbi. Wimbi la kwanza linapanda na kushuka mara moja kwa mwaka, la pili mara mbili, gawa ukubwa wa la pili kwa la kwanza, ikizidi 1 ni misimu miwili. Fanya kwa kila pikseli (kimraba kimoja cha data), upande wake ni kama km 5 tu, ukichukua wastani wa wilaya nzima unachanganya milima ya Rubeho na mbuga za Mkata. Mwanzo sasa, kwenye mvua ya kila siku punguza wastani wa siku wa mwaka mzima halafu jumlisha mfululizo kuanzia Agosti, usianzie Januari maana msimu unavuka mwaka utaukata katikati. Mstari wa jumla hiyo utashuka weee, pale unapogeuka kupanda ndo mwanzo, kileleni ndo mwisho. Penye misimu miwili unatafuta kila mmoja kivyake.

ugani_shambani: Hiyo safi kwa ramani, ila mkulima anauliza apande lini. Weka kigezo: mm 20 ndani ya siku 3, na siku 30 zinazofuata kusiwe na ukame unaozidi siku 10. Ukiacha hilo la pili utahesabu mvua za kudanganya, mahindi yanaota yanakauka, mtu anaanza kutafuta hela ya mbegu upya. Halafu vuli za 1997 na 2019 zilipitiliza, tumia mediani (thamani ya katikati) badala ya wastani zisikuvurugie.

Mwana_Kilosa: Asanteni sana wakuu. Na pikseli zenye uwiano wa mawimbi wa 0.9 au 1.1 nazipeleka wapi?

takwimu_mvua: Usizilazimishe. Chagua miaka kwa bahati nasibu, piga hesabu, rudia mara nyingi, zinazohamahama upande zipe rangi yake, huo ndo ukanda wa mpito. Mkulima wa hapo mwaka huu anavuna vuli mwakani hapati kitu, ramani ya rangi mbili inamficha kabisa. Na linganisha na vipimo vya vituo vya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kabla hujampa mtu.